Mbona anamlilia aliyemuumiza?

*Somo, shikamoo. Tuko Makorora, Tanga. Binti yangu ana miaka 14. Miezi mitano alikuwa akichati na aliyejiita kijana wa sekondari, kumbe ni jibaba. Binti alimtumia picha zake za aibu, kisha akaanza kutishwa. Simu nimemnyang'anya, namba tumeifungia. Sasa hasemi nami, na usiku anamlilia mtu huyo! Nimekosea wapi? – Mama Z.*

Marahaba, mwanangu. Kumkinga hukukosea. Ila hamlilii jibaba. Anamlilia yule aliyemuuliza kila jioni kama amekula, kama mwalimu kamchapa. Mtu huyo hakuwapo, lakini mapenzi aliyompa binti yako yalikuwa ya kweli. Amefiwa, na msiba wake hauna matanga.

Watu hawa hawaanzi na picha. Humsikiliza mtoto, humsifu, humrushia bando, humwambia "kwenu hawakuelewi". Kisha siri ndogo, halafu kubwa. Zamani huku kwetu msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mzima wa kumwambia ya moyoni. Kiti hicho tumekiacha wazi (nasema tumekiacha, si wewe peke yako), na jitu limekikalia.

Kilichobaki ni aibu. Anajiambia: nilituma mwenyewe, kosa langu. Aibu hiyo ndiyo inayomnyima mtoto usingizi, inayomshtua simu ya jirani ikilia, inayomfanya auchukie mwili wake na kukaa darasani kama hayupo. Wengine hujikata, au husema heri wafe. Ukilisikia hilo usingoje asubuhi: mpeleke hospitali, na usimwache peke yake.

"Kwa nini ulituma?" usiulize. Kwake ni kofi. Mwambie: "Yeye ni mtu mzima, kosa lote ni lake. Sikupigi, na hili halifiki barazani." Akinyamaza, msuke nywele, mnyamaze wote. Akikwambia anamkumbuka, usiruke.

Meseji usifute hata zikikuchoma, wala usimwoneshe shangazi mtu. Ni ushahidi. Ipeleke simu polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kumtisha mtu kwa meseji ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukikwama, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure.

Na simu nyingine mtafutie baadaye, mkikubaliana masharti. Ukimnyima moja kwa moja ataona aliyehukumiwa ni yeye. Niandikie tena akianza kula vizuri.