Usimuulize Mjasiriamali kwa Nini Aliamua, Mshuhudie Akiamua

Ukimuuliza mjasiriamali kwa nini aliingia soko fulani miaka 3 iliyopita, atakupa jibu lililonyooka kuliko mambo yalivyokuwa. Hadanganyi. Kumbukumbu hujipanga upya kufuatana na matokeo: aliyefaulu huona alikusudia tangu mwanzo, aliyeanguka hukumbuka dalili ambazo siku ile hakuziona.

Ndiyo maana, kwa anayetafiti jinsi wajasiriamali wanavyoamua, tunapendekeza kuanza na mbinu ya kufikiri kwa sauti. Mpe mshiriki tatizo lililoandikwa, lenye maamuzi kadhaa yanayofuatana, alitatue huku akisema kila kinachompitia kichwani. Saras Sarasvathy, mtafiti wa ujasiriamali, alifanya hivyo na wajasiriamali wazoefu 27, kwa tatizo la kurasa 17 kuhusu bidhaa moja ya kubuni. Kwa kuwa bidhaa ilikuwa ileile kwa wote, fikra zao ziliweza kulinganishwa. Kila mmoja angesimulia biashara yake, ulinganisho huo ungekuwa mgumu mno.

Mzoeshe kwanza kwa zoezi lisilohusu biashara, kama kuzidisha 24 kwa 36 akitaja kila hatua. Washa kinasa sauti, kisha kaa kimya. Akinyamaza kwa sekunde 10 au 15, mwambie tu "endelea kusema". Usimuulize "kwa nini?" Hapo ndipo tafiti nyingi huharibika, kwa sababu swali hilo humwondoa kwenye kuamua na kumtia kwenye kujieleza, na maelezo hayo hutungwa kwa ajili yako.

Unapoinukuu rekodi, usifute kusitasita wala kujisahihisha. Mara nyingi uamuzi hugeukia hapo. Gawa maneno katika vipande vyenye wazo mojamoja, na watu 2 waviainishe bila kuonana. Pima makubaliano yao kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu na ambacho 1 ni makubaliano kamili. Ikiwa chini ya 0.7, usikimbilie kupiga kura. Andika upya maana ya aina zenu, kisha mrudie kuainisha.

Kama swali lako ni kigezo gani kina uzito zaidi, tumia wasifu wa fursa za kubuni, yaani maelezo mafupi ya fursa ambayo mshiriki huyapima moja baada ya jingine. Vigezo 5 vyenye viwango 2 kila kimoja huzaa wasifu 32, ambao huchosha. Nusu iliyochaguliwa kwa mpango, yaani 16, hutosha kwa athari kuu, yaani athari ya kila kigezo peke yake. Rudia wasifu 4 bila kumwambia, uone kama anajibu vilevile. Na katika uchambuzi, kumbuka majibu 16 ya mtu mmoja si watu 16: tumia modeli ya ngazi mbili, yaani ya takwimu inayohesabu maamuzi ndani ya mtu.