Gawa kwa 87: kujenga stesheni ndogo kutoka kwenye ramani

Mlango wa kwanza niliokata kwa ajili ya stesheni yangu ya mfano, ya kadibodi, ulikuwa na kimo cha milimita 17. Niliuona mzuri kabisa, mpaka nilipomsimamisha mbele yake mtu wa plastiki wa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo cha kweli kimegawanywa kwa 87. Mtu wa mita 1.70 katika skeli hiyo anafika milimita 19 na nusu. Kichwa kilipita linta, boriti ya juu ya mlango. Wakati huo kuta zote nne zilikuwa zimeshakatwa na madirisha yametobolewa, kazi ya jioni sita. Nilizitupa zote.

Mkono haukukosea. Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Ramani ilichorwa kwa 1:50 kwenye karatasi ya A3, mimi nikapewa kopi iliyotolewa kwenye A4. Ukibana A3 iingie A4, kila mstari unapungua hadi kama asilimia 71. Chini ya karatasi bado pameandikwa 1:50, lakini mistari yenyewe sasa ni ya 1:71 hivi. Mlango wa mita 2.10, ambao kwenye mchoro halisi ni milimita 42, kwangu ulikuwa karibu 30. Nikaweka rula, nikaushusha hadi asilimia 57.5 ili kutoka 1:50 kwenda 1:87, nikapata 17. Ulitakiwa uwe 24.

Tangu siku hiyo siweki rula juu ya mstari ambao una tarakimu pembeni yake. Nasoma tarakimu, naigeuza kuwa milimita, nagawa kwa 87, basi. Karatasi hutanuka kwa unyevu, kopi hupinda, na picha iliyopigwa kwa simu huvuta pembe moja kuliko nyingine. Namba iliyoandikwa haibadiliki.

Kwa sisi tunaopenda reli za zamani za huku, kuna jambo la kuangalia mapema. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na Wajerumani, na vipimo vyao ni vya mita. Waingereza waliokuja baadaye walipima kwa futi na inchi. Kwa hiyo kabla hujagawa chochote, hakikisha unajua unasoma lugha ya nani. Ukikuta futi, usihangaike: skeli hii yenyewe ilizaliwa kwa hesabu ya milimita 3.5 kwa kila futi moja. Mlango wa futi 7 ni milimita 24.5. Ukuta wa futi 20 ni milimita 70.

Na kama ramani haina tarakimu hata moja? Tafuta ndani yake kitu unachokijua ukubwa wake. Njia ya reli ikiwa imechorwa mbele ya jengo, katika reli hizi za zamani umbali kati ya reli mbili ni mita 1. Lakini kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni bati. Bati la migongo la zamani lina umbali wa inchi 3 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, yaani milimita 76. Banda la mizigo lenye kuta za bati limebeba rula yake mwilini. Siku moja nilikaa na picha ya banda la namna hiyo, nikahesabu migongo ya ukuta mmoja kwa ncha ya sindano: 60. Mara 76, mita 4.56. Gawa kwa 87, milimita 52. Sikuhitaji ramani.

Ukishapata vipimo, usikimbilie wembe. Ramani inakupa vipimo vya nje ya jengo, na kadibodi yako ina unene. Stesheni yangu ina upana wa milimita 60, na kadibodi ninayotumia ni ya milimita 1.5. Kuta mbili ndefu zikikaa nje na zile fupi zikiingia katikati yake, kila ukuta mfupi lazima ukatwe 57. Ukiukata 60 jengo linatoka 63. Milimita 3 unaweza kuzidharau, lakini kwa jengo la kweli hizo ni sentimita 26, na paa litakuonyesha: ukingo uliotakiwa kutoa kivuli juu ya baraza utatoka mfupi.

Paa ndilo linalowaumiza wengi, na linaumiza kwa sababu mchoro wa mbele unaonekana kama unakwambia kila kitu. Hausemi yote. Ukilitazama jengo kwa mbele, paa limeinama kutoka kwako, kwa hiyo unaona kimo chake tu, huoni urefu wa mteremko. Kwangu mchoro wa mbele ulionyesha paa la milimita 17 na nusu. Bati lenyewe lilihitaji 39. Urefu wa kweli uko kwenye mchoro wa ubavuni, pale kuta fupi zinapoishia kwa pembetatu: pima mstari ulioinama kutoka kwenye kofia, yaani kilele cha paa, hadi ukingo wa chini. Kama una kimo na nusu ya upana pamoja na ukingo, hesabu ya Pythagoras ya sekondari inakutosha.

Bati nalitengeneza kwa foili ya trei za chakula na boliti ya M5, yaani yenye kipenyo cha milimita 5. Uzi wa boliti hiyo una nafasi ya milimita 0.8, na bati la inchi 3 katika 1:87 linataka 0.87, tofauti ambayo jicho halitaiona. Laza foili juu ya gazeti lililokunjwa, viringisha boliti mara moja tu huku ukikandamiza kwa nguvu ileile. Migongo itatoka imeinama kidogo kwa sababu uzi umejizungusha, kwa hiyo kata kwa kufuata mgongo, usifuate ukingo wa foili. Mimi nakata vipande vya milimita 7 kwa 28, sawa na bati la futi 8. Naanza safu ya chini, halafu ya juu inailalia karibu milimita 2, kama fundi wa mabati anavyofanya. Safu moja nzima ya foili isiyo na maungio hung'aa kama karatasi ya zawadi. Vipande vilivyolaliana huonekana bati, hata kabla ya rangi ya kutu.

Gundi ya paa iweke mwisho, na ukiweza usiiweke kabisa. Paa langu limekaa kwa uzito wake na vijiti viwili vya ndani vinavyolizuia lisiteleze, ndiyo maana niliweza kurudi na kuweka benchi kwenye chumba cha kusubiria.