Frenchi presi inatoa tope, nifanyeje?

Dada hiyo frenchi presi yako, hilo jagi la kioo la kahawa lenye chujio la kusukuma chini, haina tatizo, tatizo ni unga wa kahawa. Kahawa inayouzwa imeshasagwa huku Ngamiani, Tanga, ni laini mno, ile ni ya kuchemsha kwenye birika juu ya mkaa, ukiitia humu inapenya kwenye chujio ndo unapata hilo tope ulilosema na uchungu juu yake. Tafuta kahawa iliyokaangwa ikiwa nzima, za Lushoto nzuri tu, mwambie anayesaga akuachie chenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa hivi, na msimamie maana ukigeuka tu kashaipitisha tena ikawa unga.

Vipimo sasa, maji nusu lita kahawa gramu 30, huna mizani weka vijiko vya chakula vitano sita. Maji yakichemka epua yaache kama nusu dakika, mimina, koroga, funika bila kusukuma, tega dakika 4 kwenye simu. Hapo ndo unasukuma taratibuu, ukiona kigumu usilazimishe kile ni kioo na maji ya moto yatakurukia, ujue unga bado laini.

Ukimaliza mimina yote kwenye chupa ya chai, ukiiacha mle mle na machicha yake inazidi kukolea kikombe cha pili hakinyweki. Funda la mwisho mwaga, vumbi kidogo lazima libaki.

Tangawizi kama unaitaka chemsha na maji toka mwanzo, usiitie mle ndani itakuzibia chujio.