Kotabeki wa mwaka wa mwisho, kabla ya kuota Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, uliza nani anakukinga kushoto

Wiki iliyopita kuna dogo kaniandikia inbox. Anacheza kotabeki kwenye chuo kidogo tu huku Marekani, wazazi wake watu wa Kongo, na msimu unaokuja ndio wa mwisho kwake. Gazeti la mji wao limemtoa na picha kubwa, kocha kamwambia huu ni mwaka wako, na kwenye grupu la WhatsApp la familia wajomba wameshaanza kuulizana NFL, ile ligi ya kulipwa, inalipa shingapi. Swali lake lilikuwa fupi: kaka, nitegemee nini? Nikaanza kumjibu kwa voisi, nikajikuta naongea mpaka chai imepoa, nikasema bora niandike tu hapa kila mtu asome, maana maswali ya namna hii napata kila kiangazi kikifika.

Wengi mnanifuata kwa mambo ya kutuma magari na kontena Dar, kwa hiyo labda hamjui kama nilicheza futiboli ya Kimarekani chuo. Nilicheza. Tena kotabeki, yule anayepokea mpira kila plei, yaani kila mpira unapoanzishwa, na kuamua aurushe wapi, mkishinda anabebwa yeye na mkifungwa anatukanwa yeye. Nilitoka Tanga nikiwa darasa la sita tukaja Columbus, Ohio, na hapo Ohio futiboli ni dini kabisa sitanii, Jumamosi Ohio State wakicheza hata foleni ya supamaketi inaisha. Mwalimu wa michezo sekondari aliniona narusha mpira wa besiboli kutoka mwisho wa uwanja, akaniita. Mkono ninao tangu kutungua maembe Raskazone, hilo hakunifundisha Mmarekani yeyote.

Chuo nilichoenda kilikuwa Division III. Kwa wasiojua, huko hakuna skolashipu ya michezo hata senti, unaamka alfajiri kufanya mazoezi kama wale wa tivii halafu ada unalipa mwenyewe, mama yangu alikuwa anaingia shifti mbili nyumba ya wazee ili nisome. Na ukanda wetu, yaani kundi la vyuo tunaocheza nao kila mwaka, ndio ule wenye Mount Union, jamaa wana mataji 13 ya kitaifa, ukikutana nao unaomba Mungu mechi iishe na mbavu zako zikiwa mahali pake.

Sasa mwaka wa tatu nilicheza vizuri sana. Sijisifu, watu waliokuwepo wanajua. Tulishinda mechi ambazo chuo kile kilikuwa hakijazishinda muda mrefu, na mimi ndio nilikuwa narusha. Kwa hiyo kufika kiangazi sura yangu ikawa kwenye bango la ratiba, lile wanalobandika kinyozi, benki, kila duka la mji. Mama alikusanya mabango akampa mtu anayesafiri ayapeleke Tanga, mpaka leo kuna moja liko ukutani kwa shangazi pembeni ya kalenda ya msikiti. Kukawa na chakula cha usiku cha kuchangisha hela, mzee mmoja tajiri akasimama akasema mwaka huu tunachukua ubingwa, watu wakapiga makofi wakinitazama mimi.

Kitu ambacho hakuna aliyesema usiku ule ni hiki. Kodineta wa mashambulizi, yule anayechora plei zote, alishaondoka Januari kwenda chuo kikubwa zaidi. Senta wangu, yule anayenipa mpira, alishahitimu. Na jamaa aliyekuwa anacheza takoli wa kushoto, mzuiaji wa pembeni upande wa kushoto, huyo ndio muhimu kuliko wote, naye alishahitimu. Mtu anayetumia mkono wa kulia akirudi nyuma kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto, anayekuja upande ule humuoni kabisa mpaka umeshalala chini, kwa hiyo yule takoli ndio macho yako. Macho yangu yalikuwa yameshapata kazi ya benki Cleveland.

Nafasi yake akapewa dogo wa mwaka wa kwanza. Mtoto mzuri tu, mpole, alikuwa anakula maandazi ya mama hakuna mfano. Maana mama alikuwa na utaratibu wake, kila Alhamisi ananipa ndoo ya maandazi niwapelekee wale wazuiaji watano wa mbele, alikuwa anasema hawa ndio walinzi wako wape chakula. Watu wa kilo 130 wamezunguka ndoo ya plastiki wanauliza hii iliki ni nini. Lakini maandazi hayafundishi miguu, yule dogo alikuwa anapitwa, nami nilikuwa naamka Jumapili nashuka kitandani kwa kujiviringisha kwa sababu mbavu zinakataa kukunjika. Plei mpya, kodineta mpya, lugha mpya ya kuitana uwanjani, na watu kwenye viti wanauliza mbona yule wa mwaka jana kapotea.

Hapa ndio nataka dogo asome taratibu. Matarajio ya watu huwa yanapigwa hesabu kwa msimu uliopita, na msimu uliopita ulikuwa na watu ambao hawapo tena. Wewe umebaki, kwa hiyo deni lote linaandikwa jina lako.

Tena hii haiko vyuo vidogo tu. Angalieni Drew Allar wa Penn State. Kotabeki huyo alikuwa anaweza kuingia drafti 2025, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo, akarudi kwa msimu wa mwisho, timu ikaanza ikiwa namba 2 nchi nzima kwenye kura za waandishi wa AP, kila mtu anaimba ubingwa. Wakafungwa na Oregon kwa muda wa nyongeza, wiki iliyofuata wakafungwa na UCLA ambayo ilikuwa haijashinda mechi hata moja, wiki iliyofuata tena Northwestern wakawafunga 22 kwa 21 na Allar akatoka kaumia, msimu umeisha hapo hapo. Kesho yake kocha James Franklin akafukuzwa. Wiki tatu tu! Kutoka mnaimbwa mpaka hakuna kocha wala kotabeki. Au Matt Barkley wa USC, 2012, timu ilianza namba 1, yeye ndio alikuwa ametangaza kwamba anarudi kumaliza kazi, wakaishia kushinda 7 na kufungwa 6, akaumia bega mechi ya UCLA, na drafti akasubiri mpaka raundi ya nne.

Halafu kuna Tim Tebow ambaye mimi huwa namuonea huruma sana. Msimu wake wa mwisho Florida, 2009, walishinda mechi 13 wakafungwa moja. Moja! Lakini ile moja ilikuwa fainali ya ukanda dhidi ya Alabama, 32 kwa 13, na kamera zikamkuta analia pembeni ya uwanja, na ukimuuliza mshabiki leo kuhusu msimu ule anakutajia yale machozi, hakutajii ile mechi ya mwisho aliyorusha yadi 482 dhidi ya Cincinnati. Ukishawekewa matarajio ya kushinda zote, kushinda 13 ni kufeli.

Najua mtaniletea Joe Burrow. Kila kijana huku Ohio ananiletea Joe Burrow. Sawa, tumuongee. Mtoto wa Athens, Ohio, alikaa benchi Ohio State, akahamia LSU, msimu wa 2018 akarusha tachidauni 16, yaani mipira ya kufunga, na nani alikuwa anamtaja? Msimu wa mwisho, 2019, akarusha tachidauni 60 na yadi 5,671, Heisman akachukua, mechi 15 zote wakashinda, Clemson wakalambwa 42 kwa 25 kwenye fainali pale New Orleans, na drafti akaitwa namba 1. Haya. Lakini hebu muangalie nani alikuwa naye. Maresiva, wale wanaodaka mpira, walikuwa Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, alikuja kocha Joe Brady akawaletea namna mpya ya kurusha, na ile laini yake ya mbele, wale wazuiaji watano, ndio ilichukua tuzo ya Joe Moore, tuzo ya laini bora nchi nzima mwaka ule. Burrow ni mkali, sibishi, ila alikuwa anarusha amesimama. Mimi nilikuwa narusha nikianguka.

Kwa hiyo dogo, ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio huo huo wa pili na wa tatu: usianze na malengo ya namba. Usiniambie utarusha tachidauni 30. Niambie nani anacheza takoli wa kushoto, alianza mechi ngapi mwaka jana, na kama ni mpya, mchukue kiangazi hiki kakae naye, kula naye, mjifunze kuitana mpaka aijue pumzi yako. Niambie kodineta wako anabaki au ana simu za vyuo vingine, muulize ana kwa ana ofisini, mkali wa kuuliza maswali haumizwi na mtu. Ukishapata majibu hayo ndio ukae chini useme mwaka huu nitegemee nini. Ukikuta laini ni mpya na plei ni mpya, basi msimu mzuri kwako ni kufika Novemba mzima huku mpira haupotei ovyo, na hilo mwambie kocha mapema, mwambie na mwandishi wa gazeti, lisiwe siri yako. Nisingetaka mtu mwingine aje aliseme kwa niaba yako.

Kwa sababu kwangu lilisemwa na wengine. Mechi ya mwisho ya nyumbani huwa kuna sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, mchezaji anaingia uwanjani na wazazi wake, wanatajwa jina kwenye spika, mama anapewa ua. Baridi ile ya Novemba, mama kavaa jaketi kubwa la kazini na juu yake kajifunga kanga, kwa sababu alisema siwezi kuingia kwenye sherehe ya mwanangu bila kanga. Tumepiga picha, amekaa kwenye viti na watu wa kanisani kwa rafiki yake na nusu ya Waswahili wa Columbus. Nikarudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimeshafungwa tepu ya vifundo vya miguu, nimeshavaa ile kitambaa cha mkononi chenye plei. Kocha akaja akaniweka mkono begani, hakunitazama machoni, alikuwa anatazama tepu. Akasema leo tutaanza na yule kotabeki mdogo wa mwaka wa kwanza, tunatazama mbele.

Nikasimama pembeni nimeshika ubao na kofia. Kuna wakati mama alikuwa anapunga mkono anadhani naingia.

Sitataja chuo na sitataja jina, maji yameshamwagika. Ila nasema hivi, kocha anayetaka kutazama mbele anaweza kutazama mbele wiki ijayo, siku ile ilikuwa ya wazazi. Na nyinyi makocha mnaosoma hapa, maana najua wawili watatu mpo, kuna mama ameomba ruhusa kazini akakatwa mshahara wa siku ile, mkumbuke hilo kabla ya kupanga kikosi. Kijana akikupa miaka minne ya mwili wake bila skolashipu, mpe plei moja. Moja tu, apokee mpira apige goti, watu wapige makofi, atoke. Inachukua sekunde.

Wajomba wa WhatsApp nao niwaambie. Drafti ya NFL ina raundi 7 na mwaka 2025 waliitwa watu 257, nafasi zote, nchi nzima. Shedeur Sanders aliyekuwa anatajwa kila siku kwenye tivii kuwa wa raundi ya kwanza alikaa mpaka namba 144 ndio Cleveland wakamwita. Quinn Ewers aliifikisha Texas nusu fainali ya kitaifa mara mbili mfululizo, akaitwa namba 231. Sasa nyinyi mnamuuliza mtoto wa Division III nyumba atawajengea lini? Muulizeni anamaliza digrii lini. Burrow mwenyewe alikuwa ameshachukua digrii yake Ohio State kabla hajakanyaga LSU, hiyo hamuipostigi. Mimi ile digrii ndio inanilisha, kontena hazijali nilirusha yadi ngapi. Mpigie baba simu wewe mwenyewe kabla ya Agosti, dogo, mwambie baba msimu huu unaweza kuwa mgumu, sababu ni hizi na hizi, asije akayasikia kwa binamu aliyeangalia matokeo kwenye intaneti. Wazazi wetu wanaelewa sana ukiwaambia mapema, kinachowaumiza ni kushtukizwa mbele za watu.

Kuhusu kuhama chuo umeniuliza pia. Enzi zangu haikuwa rahisi hivi, sasa unaingia kwenye poto ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, na vyuo vinakutafuta. Hama kama huko kuna laini. Usihame kwa sababu jezi ni nzuri au wamekuahidi kuanza, ahadi ya kuanza nilipewa na mimi. Swali ni lile lile, nani yuko kushoto.

Kitu kingine kwa wale mliokuja na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kuna wawili mmeniandikia kuhusu hela za kutumia jina na picha yako kwenye matangazo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, waliruhusu wachezaji kulipwa hizo tangu Julai 2021, ni kweli, lakini NCAA haitoi viza. Kazi mnayoruhusiwa kufanya mkiwa wanafunzi ina mipaka yake na hao wanaokuja na mikataba wengi hata I-20, ile karatasi ya mwanafunzi wa kigeni, hawajawahi kuiona. Usisaini tangazo la duka la magari wala la piza kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni na mwanasheria wa uhamiaji. Wakala atakwambia mbona kila mtu anasaini. Huyo kila mtu ana pasipoti ya Marekani, wewe nenda ofisini kwanza, Jumatatu asubuhi, na mkataba wenyewe mkononi.