Barua kwa mwanangu: safari ya kupima ni ya kurudi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Unasema watabiri wa hali ya hewa wametangaza dhoruba ya theluji kuanzia keshokutwa mchana, ofisini hakuna aliyesema kama mtafunga, na msimamizi wenu alipoulizwa kajibu tu, "Kila mtu ajiamulie." Ukaniuliza mawili: uende au usiende, na usipokwenda mshahara utakatwa? Baba yako alitaka nikupigie. Nimekataa, maana kwenye simu utasema "sawa Mama" kabla sijafika hata katikati.

Usiende. Mshahara nitaufikia, una mambo yake.

Najua utakachonijibu. Asubuhi barabara itakuwa kavu, mabasi yatatembea, wenzako watakwenda, na wewe una miezi minne tu pale, hutaki kuonekana mvivu. Yote kweli. Ila mgeni wa baridi ana kosa moja: anapima safari ya kwenda. Anachungulia dirishani, anaona panapitika, anavaa koti anatoka. Safari ya kupima ni ile ya kurudi, jioni, giza limeshaingia, theluji imeshashuka saa tano mfululizo na kila mtu mjini anataka kufika kwake kwa wakati mmoja.

Haya nimeyapata kwa vidole vyangu. Ulipokuwa mdogo sikukusimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi Marekani. Nilikuwa nafua na kunyoosha mashuka kwenye jengo kubwa, chumba cha chini kabisa, hakina dirisha. Hali ya nje tuliijua kwa miguu ya walioingia. Kwanza viatu vilikuja na unyevu. Baadaye vikaja na theluji iliyofika vifundoni. Halafu akaingia kijana mmoja suruali yake imeganda mpaka magotini, anapotembea inagongana kama mbao, nasi tukacheka. Hatukujua tunachekea nini. Saa 9 alasiri bosi akatangaza kazi imefungwa, kila mtu aende kwake. Kumbe ofisi zote za mtaa ule zilikuwa zimetangaza hivyo hivyo, saa ile ile.

Basi nililopanda lilitembea kama robo saa, likasimama. Tulikaa humo saa tano. Dereva alikuwa akiwasha injini kidogo na kuizima ili mafuta yasiishe, na kila akizima unasikia baridi inapanda kutoka sakafuni, inaanzia kwenye nyayo. Nilipochoka nikashuka nikamalizia kwa miguu, kosa la pili. Glavu moja niliiacha kwenye kiti cha basi, kosa la tatu. Nilipofika, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa, nikivigonga mezani sisikii kitu. Nikavisugua kwa nguvu, kisha nikavitia kwenye maji ya moto. Hayo mawili ndiyo hayafanywi, na malengelenge niliyoyapata sikutamani hata adui ayaone. Mpaka leo baridi ikikaribia, vidole hivi vinajua kabla yangu.

Na kwenye malipo ya wiki ile, saa zangu zilihesabiwa mpaka saa 9 alasiri. Zile tano za ndani ya basi zilikuwa zangu na Mungu wangu.

Baadaye nikaja kuona kwamba siku ile haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Tarehe 28 Januari 2014, mjini Atlanta, theluji haikufika hata sentimita 10. Kwa watu wa baridi hicho ni kichekesho. Lakini ofisi na shule ziliruhusu watu karibu kwa wakati mmoja, katikati ya mchana, magari yakajaa barabarani kabla chumvi ya kuyeyusha barafu haijamwagwa, theluji ikakanyagwa ikawa barafu, foleni ikaganda. Kuna waliolala ndani ya magari na watoto waliolala shuleni. Hawakukwamishwa na wingi wa theluji. Walikwamishwa na kufunga kwa pamoja, tena kwa kuchelewa. Desemba 2022 huko Buffalo, Marekani hiyo hiyo, dhoruba ilikuwa imetabiriwa siku kadhaa kabla, lakini amri ya kuzuia magari ilitoka asubuhi ya siku yenyewe, wengi wameshatoka kwenda kazini. Watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo lile, baadhi yao ndani ya magari.

Ndiyo maana sikushauri usubiri tangazo la ofisi. Anayelitoa anapima biashara, wateja na majirani zake wamefanya nini, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufunga. Likija, huja muda ule ule ambao barabara zinaanza kujaa.

Sasa mshahara. Sheria ninayoijua vizuri ni ya Marekani nilikofanya kazi. Ya huko uliko ifuate kwenye mkataba wako na kwa mtu wa utumishi, ila maswali ya kuuliza ni yale yale. Kule sheria ya kazi ya taifa zima, ya mwaka 1938, inawatenganisha watu wawili. Anayelipwa kwa saa hulipwa saa alizofanya kazi, basi. Ofisi ikifungwa, sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kumlipa, ingawa baadhi ya majimbo yanamdai mwajiri amlipe saa kadhaa mtu aliyefika kazini akarudishwa. Mimi nilikuwa wa kundi hili. Mwenye mshahara kamili, asiyehesabiwa saa, mambo yake ni mengine: mwajiri akifunga siku mbili tatu ndani ya wiki aliyokwisha kufanya kazi, mshahara wa wiki hiyo hautakiwi kupunguzwa, japo anaweza kuambiwa siku hizo zitolewe kwenye likizo yake. Lakini ofisi ikiwa wazi na yeye akashindwa kufika kwa sababu ya theluji, siku nzima inaweza kukatwa.

Umeona ncha iko wapi? Theluji ni ile ile, mtu ni yule yule, na kinachobadilisha pesa ni nani aliyefunga mlango. Sasa rudi kwenye lile neno la msimamizi wenu. "Kila mtu ajiamulie" linasikika kama huruma, na huenda kwa upande wake ni huruma kweli, simjui. Lakini kwenye vitabu maana yake ni kwamba ofisi iko wazi na aliyekosa amekosa mwenyewe. Usiliache likae hivyo hewani. Mwandikie kesho kabla ya saa 6 mchana, kwa barua pepe si kwa mdomo, maneno machache: "Kwa utabiri uliotolewa, keshokutwa nitafanyia kazi nyumbani. Naomba unithibitishie kama ofisi itahesabiwa kuwa wazi au imefungwa, na siku hiyo itaandikwaje." Usijieleze sana. Anayejieleza sana huonekana anaomba msamaha.

Na ukisema utafanyia kazi nyumbani, fanya. Zamani siku ya theluji ilikuwa mapumziko ya bure; siku hizi kwa mwenye kompyuta hakuna. Hata serikali ya Marekani ikifunga ofisi zake kwa theluji, watumishi waliopangiwa kufanya kazi kwa mbali kwa kawaida hutakiwa kuendelea. Kwa hiyo kesho jioni toka na kompyuta, waya wake, na makabrasha unayoyahitaji, kisha ukifika nyumbani jaribu kuingia kwenye mfumo wa ofisi usiku huo huo, usisubiri mpaka siku yenyewe ndipo ugundue nenosiri limeisha muda. (Wafuaji wenzangu hawana bahati hiyo. Shuka halifuliwi kwa intaneti. Ukisikia mtu wa usafi au wa ulinzi hapo kwenu hajafika siku ile, usiwe miongoni mwa wanaonung'unika.)

Sasa umeme. Dhoruba kubwa huangusha nyaya, na nyumba za huko hupoa haraka hita ikizimika. Hapa ndipo watu wenye akili zao hufanya mambo ya ajabu. Februari 2021 Texas ilipopigwa na baridi na mamilioni ya nyumba kukosa umeme, wengi waliokufa waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo waliouawa na walichokiwasha ili wapate joto. Jiko la mkaa ndani, jenereta kwenye chumba cha kuegesha gari, gari lenyewe likiunguruma humo mlango umefungwa. Vyote hivyo vinatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu na usingizi, unadhani ni uchovu, unalala. Hulali, unakufa. Usiwashe mkaa ndani, hata dirisha likiwa wazi. Jiko la gesi ni la kupikia, si la kuotea. Jenereta ya jirani ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Na kile king'ora cha hewa hiyo kilichobandikwa ukutani kwako, kibonyeze leo usikie kama kinalia. Usiniambie utakiangalia kesho.

Umeme ukikatika, hamieni chumba kimoja, mzibe chini ya mlango kwa taulo, mvae mkiwa bado mna joto, msisubiri kutetemeka. Bomba la maji lililopita kwenye ukuta wa nje lifungulie lidondoke tone tone, maana maji yakiganda hutanuka na bomba hupasuka, na hasara yake huiona siku barafu inapoyeyuka na sakafu inageuka bwawa.

Mavazi nadhani umeshajifunza: nguo tatu nyepesi zilizopandana zinashinda koti moja zito, na pamba ikilowa haina faida, vaa sufu. Upepo ndio usioujali, nilikuona kwenye ile picha umetoka kichwa wazi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa unavuma, mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Nusu saa ni kusubiri basi moja lililochelewa.

Kama vidole vitakufa ganzi na kuwa vyeupe, ingia ndani, usivisugue, wala usivipake theluji hata akuambie nani. Vitie kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia vizuri, na uwe na hakika hutoki tena nje, kwa sababu kidole kikiyeyuka kikaganda mara ya pili huharibika zaidi. Na ukiona mwenzako aliyekuwa anatetemeka ameacha kutetemeka, maneno yanamkwama, anapepesuka kama mlevi, usifurahi kwamba amepata joto. Joto la mwili wake limeshuka. Mfunike, umwitie gari la wagonjwa.

Hilo la mwenzako mwenye gari, anayekwambia, "Twende, nitakurudisha", mshukuru, ukatae. Februari 1978 karibu na Boston, magari zaidi ya 3,000 yalinaswa kwenye barabara moja kuu, watu wakitoka makazini. Baadhi walikufa ndani ya magari yao wakiwa wamewasha injini wapate joto, theluji ikaziba bomba la moshi, hewa ile ile niliyokueleza ikarudi ndani. Ikitokea hata hivyo ukanaswa: kaa ndani ya gari, usiende kutafuta msaada kwenye theluji usiyoona mbele. Shuka usafishe bomba la moshi kwanza, ndipo muwashe injini kama dakika kumi kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo. Simu iweke kifuani ndani ya nguo, baridi inakula chaji.

Dhoruba ikiisha usikurupuke kushika beleshi. Kuzoa theluji kunaonekana kazi ya kitoto, lakini kila msimu kuna mioyo inayosimama kwa ajili yake, baridi imebana mishipa na wewe umebeba uzito. Wewe ni kijana, najua. Yule mzee wa chini uliyenisimulia si kijana. Mtolee yeye njia, taratibu, ukisukuma badala ya kunyanyua. Na njiani ukiona lami inang'aa kama imelowa wakati hakuna mvua, hayo si maji, ni barafu. Piga hatua fupi, mikono itoke mifukoni.

Nimeandika kirefu, mkono umechoka, huu wa kulia. Msimamizi akikujibu, nitumie jibu lake kama alivyoliandika, usinifupishie. Na glavu nunua jozi mbili, moja ikae kwenye begi la kazini daima.

Mama yako