Umebadilisha kazi? Kakope kwa mshahara wa sasa

Wiki hii kaka mmoja wa Morogoro ameniandikia. Alikuwa mwalimu wa shule binafsi mwenye ajira ya kudumu, sasa amehamia kwenye mradi kwa mkataba wa miaka miwili. Mshahara wa msingi umeshuka, posho zimeongezeka. Anataka mkopo amalizie nyumba, na rafiki yake amemshauri apeleke benki hati ya mshahara ya kazi ya zamani kabla watu hawajajua kwamba ameondoka. Anauliza kama kuna ubaya.

Upo, kaka yangu, tena mkubwa. Niruhusu nikusimulie.

Mwaka 2020 nilikuwa mhasibu kwenye hoteli moja Arusha. Mnakumbuka corona ilivyoupiga mji ule. Wageni walikatika mwezi wa tatu, na sisi tuliobaki kazini tukasainishwa mikataba mipya ya nusu mshahara. Mimi nilikuwa na kuta zangu Usa River, zimefika kwenye lenta, mvua inazinyeshea. Nikaenda benki kuomba hela ya kupaua.

Nje ya benki kulikuwa na kijana aliyejiita wakala. Alipoona hati yangu akasikitika, akaniambia nilete ya mwezi wa pili, habari ya muhuri nimwachie yeye. Nilimpita. Ndani nikajaza kila mstari kama ulivyo: aina ya ajira, tarehe ya mkataba mpya, mshahara ghafi, makato, kinachobaki mkononi. Afisa mikopo akachukua simu, akaweka spika, akapiga ofisi ya utumishi ya hoteli yetu nikiwa nimekaa mbele yake. Bado yupo kazini? Mkataba wake unaisha lini? Analipwa kiasi gani kwa sasa? Kila jibu lililotoka kwenye ile simu lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi iliyokuwa mezani kwake. Hebu fikiria ningekuwa nimepeleka ile ya mwezi wa pili.

Nilipewa pungufu ya nusu ya nilichoomba. Nikapaua vyumba viwili vya nyuma, nikahamia. Utalii uliporudi na mshahara ukapanda, nilirudi benki ileile na hati mpya, wakaniongezea nikapaua vilivyobaki. Najivunia hilo na sitaacha kulisema.

Mwenzangu wa idara nyingine pale hotelini yeye alikwenda kwenye saccos, chama chetu cha akiba na mikopo, kwa hati ya zamani, na aliniomba nimdhamini. Aliniambia mshahara wake haujaguswa, idara yao imesalimika. Nikasaini. Marejesho yalipoanza kugoma, saccos haikuhangaika naye, ilishika akiba yangu mimi. Tukionana leo tunasalimiana, yameishia hapo. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anasema kuongeza namba kwenye fomu hakumuumizi yeyote. Kunamuumiza mdhamini, mtu aliyekuamini na ambaye pengine ana watoto wanaosubiri ada.

Sasa tupige hesabu, maana wengi hawaipigi. Tuseme zamani mshahara wa msingi ulikuwa 1,200,000. Ukitoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, kodi ya mshahara 152,000 na deni la mkopo wa chuo la Bodi ya Mikopo asilimia 15, unabaki na 748,000. Kwa kanuni ile ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara, 400,000 haiguswi, kwa hiyo rejesho lako haliwezi kuzidi 348,000. Kazi mpya inakulipa 800,000. Baada ya makato ya aina hiyohiyo, kodi ikiwa imepungua kufuata mshahara, mkononi inabaki 540,000. Ukibeba lile rejesho la 348,000 kwa hati ya zamani, unabaki na 192,000 ya kula, nauli na kodi ya nyumba kwa mwezi mzima. Benki umeweza kuidanganya, lakini sufuria jikoni linaujua mshahara wako wa kweli.

Na hapo kwenye Bodi ya Mikopo kuna mtego. Ukihamia kwa mwajiri mpya, hati ya kwanza au ya pili mara nyingi inakuja bila yale makato ya asilimia 15, kwa sababu taarifa zako bado hazijaingizwa. Hati inapendeza, unakopa kwa kinachobaki cha mwezi huo, kisha makato yanaanza mkopo ukiwa umeshatoka. Mwambie afisa mikopo mapema kwamba unadaiwa na Bodi, ayaweke kwenye hesabu hata kama hati haiyaonyeshi.

Posho ziandike mahali pake, usizichanganye na mshahara wa msingi. Posho ya safari inakuja ukisafiri. Kama uko kwenye kipindi cha majaribio, sema. Kama mkataba ni wa miaka miwili, usiombe mkopo wa miaka mitano ukitegemea kwamba utaongezewa. Deni la mkopo uliouchukua ukiwa kwa mwajiri wa zamani nalo litaje, maana wakopeshaji wanaangalia taarifa zako kupitia kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, kama Creditinfo, wataliona tu. Na ile bima ya mkopo unayokatwa mwanzoni inasimama juu ya maelezo uliyoyajaza. Yakiwa ya uongo, siku ya janga familia yako inaweza kuambiwa bima hailipi.

Ndugu zangu, tujizoeze kusema ukweli kuhusu kipato chetu hata pale kinapotuaibisha. Kushuka mshahara si dhambi, na wala hujalaaniwa. Kama mkopo unao tayari na kazi imebadilika, nenda benki kabla ya rejesho la kwanza kukwama, uombe kupangiwa upya muda wa marejesho. Anayewahi kwenda anasikilizwa tofauti na anayetafutwa kwa simu.

Kaka wa Morogoro, subiri hati tatu za kazi mpya zitoke. Chukua mkataba wako, barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na taarifa ya akaunti inayoonyesha mshahara mpya ukiingia, uende navyo vyote. Omba mkopo unaoisha kabla ya mkataba kuisha. Kama hautatosha nyumba nzima, anza na bati.