Mkuu, usilipie hiyo powasaplai isiyo na nyaya zake

Mkuu simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu kompyuta unayotaka kuunda, ukaorodhesha kadi ya grafiki RTX 5090, prosesa Ryzen 7 9800X3D, RAM ya DDR5, kioo cha 4K, halafu chini kabisa ukachomekea kimyakimya: powasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, umepata ya wati 1000, iliyotumika, haina nyaya zake za kuchomeka, ila utatumia za ile yako ya zamani ya wati 650. Na waliotangulia kukujibu wanabishana rangi ya taa za boksi la kompyuta. Jamani!

Usilipie. Kama umeshalipa, usiwashe.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Yangu ilikuwa mzigo wa Dubai, safi, nzito, imekuja bila mfuko wa nyaya. Nikamuuliza muuzaji pale Kariakoo, nyaya je? Akacheka kabisa. "Bosi, waya ni waya. Soketi si zinafanana?" Na kweli zilifanana. Nilichomeka moja moja, zikaingia na kulia tak, hakuna hata moja iliyogoma. Huyo bwana anauza vifaa vya kompyuta tangu mimi navaa kaptula ya shule, ningembishia kwa lipi?

Sasa sikiliza asichoniambia. Upande wa waya unaoingia kwenye madabodi (bodi kuu), kadi ya grafiki au diski una kiwango kimoja dunia nzima. Upande wa pili, ule unaoingia kwenye powasaplai yenyewe, hauna. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyojisikia. Tundu linalotoa volti 5 kwa huyu, kwa yule linatoa 12. Na usiniambie "nitatafuta za kampuni ileile", kwa sababu Corsair peke yake ana nyaya za aina mbili, Type 3 na Type 4, na waya mkubwa wa pini 24 wa hizo mbili haufanani. Nyaya za powasaplai ni kama mswaki, haziazimwi hata na ndugu.

Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, feni zikazunguka kidogo zikakata. Mtu mwenye akili angechomoa kila kitu. Mimi nikabonyeza tena. Ikaja ile harufu. Nilipofungua haddiski na kugeuza bodi yake ndogo ya umeme, karibu na soketi ya umeme kulikuwa na kijichipu kidogo kuliko punje ya mchele, katikati kimetoboka, pembeni kumekuwa kweusi. Ile diski ya SSD ya SATA, inayolishwa kwa waya wa powasaplai, nayo chali, maana yenyewe inakula volti 5 tu na ikalishwa 12. Iliyopona ni SSD ya M.2, kwa kuwa inapata umeme kupitia madabodi. Kadi ya grafiki ilikuwa bado kwenye boksi, nilitaka kujaribu mashine bila hiyo kwanza. Ndiyo busara pekee niliyoonyesha siku ile.

Kwenye haddiski kulikuwa na video za harusi za wateja. Bibi harusi mmoja nilimwambia "bado inarenda", yaani kompyuta bado inaandaa video, mpaka nikaona aibu kupokea simu. Na usidhani unanunua diski nyingine ya modeli hiyo unahamisha bodi, kwisha. Diski za siku hizi zina chipu yenye vipimo vya diski hiyo hiyo moja, lazima ihamishwe pia, na siyo kwa pasi ya kulehemu redio. Nilimpata fundi wa simu mwenye mashine ya hewa moto na mkono uliotulia, akaifanya, mafaili yakarudi. Alichonitoza kingenunua powasaplai mpya na chenji ya chipsi kuku ikabaki.

Nilirudi dukani. Unajua aliniambia nini? "Huo umeme wa mtaani kwenu bosi, nunua stabilaiza." Na ya kuniuzia anayo!

Kuna watakaokuja hapa kukwambia upime kwa multimita kabla ya kuchomeka. Ni kweli, inawezekana, ila nyaya nyingi za kuchomoa ni nyeusi tupu, huoni ile njano ya 12 wala nyekundu ya 5. Itabidi upime kila pini ya kila waya. Kwa mashine ya bei hiyo, kisa kubana hela ya powasaplai?

Halafu yenyewe hiyo 5090 inakula wati 575, Nvidia wanasema powasaplai isipungue 1000. Ukitumia adapta ya kwenye boksi lake, inadai nyaya nne za pini 8. Za kwako za 650 utazitoa wapi zote, na zikipatikana ndiyo zile zile za mpangilio mwingine. Tafuta mpya ya kiwango cha ATX 3.1 yenye waya wake wa kadi ya grafiki, ule wa 12V-2x6, usukume mpaka mwisho usione pengo. Hela haitoshi? Shuka kwenye 5080, hiyo ni wati 360 na wanapendekeza powasaplai ya 850. Mimi ningeshuka bila kujiuliza mara mbili.

Prosesa uko sawa, usiiguse. Kuhusu kupoza kwa maji au feni, na lile la RAM 32 au 64, unacheza tu au unaediti pia? Na nitumie picha ya stika ya hiyo powasaplai, nataka kuona imetoka duka gani.